Zamu ya Kumuuguza Mama

4 Februari

Shikamoo dada,

Mama anaendeleaje? Ule mkono uliopooza umeanza kushika kikombe? Mimi mzima, ila usingizi ni wa kuibia. Programu yako ya kompyuta ya kuchambua chembe za atomu inahesabu alama ya chembe moja mara mbili pale sahani za mtambo wa kuzinasa zinapopandana. Hapa maabara hakuna anayeielewa kama wewe uliyeiandika. Nisaidie.

Najua mwaka wako wa kumuuguza mama unaisha mwezi ujao na zamu ni yangu. Nivumilie mpaka matokeo yatoke.

Mdogo wako

19 Februari

Marahaba mdogo wangu,

Kikombe anakishika, chai inamwagika yote. Alama mbili zikikaribiana kuliko unene wa sahani, zihesabu kuwa moja. Mistari ya kubadilisha nimekuandikia nyuma ya karatasi.

Lakini kanuni ya maabara unaijua: aliyekaa nje zaidi ya mwaka huondolewa kwenye orodha ya watafiti. Mwaka wangu unatimia mwisho wa Machi. Hapa shuleni ninapofundisha nimejishikiza tu. Jana mwanafunzi kaniuliza, "Mwalimu, hizo chembe umezitafuta kweli au umesimuliwa?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Njoo nirudi, kabla sijawa wa kusimuliwa.

Dada yako

27 Juni

Shikamoo dada,

Naona haya kuandika baada ya kimya hiki. Jina lako liliondolewa Aprili. Nilikutetea, wakasema kanuni haina dada. Meza yako nimepewa mimi.

Matokeo bado. Takwimu mpya zimeingia, programu inakwama tena, na mkuu wa maabara anafoka. Wewe ndiye unayeijua. Mama hajambo?

Mdogo wako

8 Julai

Marahaba,

Mama hajambo. Akiniona mimi, anaita jina lako.

Inapokwama napajua na dawa yake ninayo, ila safari hii siandiki. Njoo ukae naye wiki mbili: umgeuze, umlishe, umfulie. Nitakwenda kwa mkuu wako, niitengeneze mbele yake, kisha niombe kazi yangu kwa mdomo wangu. Mimi nilikupa mwaka.

Dada yako

2 Septemba

Shikamoo dada,

Natumai nyote wazima. Usihangaike tena na ile programu. Tumeandika nyingine, inakwenda vizuri. Yako tumeifuta isije ikachanganya watu.

Msalimie mama. Mwambie matokeo yakitoka nitakuja.

Mdogo wako akupendaye