Faili ya Maji ya Kwetu

Mtaa wa Tena, Nairobi
Tarehe 9 Machi

Kwako kaka yangu Mativo,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba umeanza kula na kwamba watoto wamerudi shuleni. Hapa mimi na mke wangu Wavinya tu wazima wa mwili. Mama aliniambia kikohozi chake kimepungua, namshukuru Mungu. Utashangaa kupata barua badala ya simu, lakini haya siwezi kuyasema nikiisikia sauti yako.

Tangu tumzike mkeo, shemeji Kavinya, sijatulia. Siku ile ya mazishi mwenyekiti wa kamati ya maji alisimama akasema kwamba kama kisima cha mashine kingechimbwa mwaka jana, hakuna mwanamke wa kwetu angeshuka kuteka maji kwenye mashimo ya mchanga mtoni, wala mchanga usingemporomokea mtu. Watu wakawalaani maofisa wa Nairobi. Wewe, huku umembeba kitinda mimba wako, uliwaomba wanyamaze. Ulisema, "Ndugu yangu anafanya kazi huko. Angejua, angetusaidia." Niliinamisha kichwa.

Kaka, nilijua.

Unaifahamu kazi yangu: ukarani katika ofisi inayopitisha maombi ya fedha za miradi ya maji mashambani. Ombi la kijiji chetu lilifika mezani kwangu Mei iliyopita. Ramani ilikuwepo, saini za kamati, hata hati ya kile kipande cha shamba mlichotoa wewe na mama. Kasoro ilikuwa moja tu. Cheti cha kupima maji kilikuwa kimepitwa na muda kwa siku tisa. Kanuni zinasema karani awaandikie wenye ombi, nao wapewe siku thelathini za kuleta kipya. Tena zinasema karani akipata faili ya kwao amwarifu mkubwa wake, apewe mwingine.

Wiki hiyo mwenzetu mmoja alikuwa amesimamishwa kazi kwa kupendelea watu wa kwao. Nikaogopa. Nilijiambia nikisema, nitaanza kuchunguzwa. Nikiwaandikia, nitaambiwa nawabeba ndugu zangu. Nikaisukuma faili chini ya nyingine, nikingoja mambo yatulie. Siku thelathini zikapita. Nikapiga muhuri wa kukataliwa na kuandika kwamba kamati haikujibu. Hamkujibu kwa sababu hamkuandikiwa.

Jumatatu nilimweleza mkubwa wangu yote kwa maandishi. Alisoma mara mbili, akaniuliza kama kuna aliyenilazimisha. Nikasema hakuna. Akaniambia nirudishe kitambulisho cha kazi. Faili itafunguliwa upya, ila fedha za mwaka huu zimeshagawiwa. Mtangoja mpaka Julai, bajeti mpya ianze, na hadi hapo watu watazidi kushuka mtoni. Wavinya nilipomwambia aliingia chumbani akafunga mlango.

Sithubutu kukuomba msamaha. Naomba uwaambie kamati kwamba kosa halikuwa lao, maana nasikia wameanza kulaumiana. Jumamosi nitakuja kwa basi la asubuhi, nishukie sokoni, ningoje pale pale. Ukitaka kuniona, njoo. Usipotokea hadi basi la jioni, nitapanda nirudi, wala sitapita kwa mama.

Wasalimie watoto. Haya usiwaambie, nitawaambia mwenyewe, ukiniruhusu.

Ni mimi mdogo wako,
Muthama