Kovu la Mkono wa Kushoto

Bwiza, Bujumbura,
Tarehe 9 Machi 2004.

Mpendwa Shemeji Zubeda,

Assalaam alaikum. Ninatanguliza salamu zangu za heshima, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta u mzima huko Ujiji, na kwamba kifua cha binti yetu Hayat kimepona. Sisi tu wazima. Risasi husikika kutoka milimani, lakini soko hufunguliwa.

Kabla ya jambo lolote lingine, Shemeji: usisafiri. Habari niliyokupa kwa simu Ijumaa asubuhi, kwamba mumeo, ndugu yangu Tajudini, amepatikana, haikuwa ya kweli. Niliitamka kwa kinywa changu, nami ninaifuta kwa mkono wangu. Simu ya jirani yako haipatikani tangu Jumamosi, ndiyo sababu ninamkabidhi barua hii Shaabani, muuza vitenge, anayeondoka leo.

Acha nikueleze kwa utaratibu. Mwezi uliopita mtaa wetu ulishikwa na hofu ya namba ya simu inayoua: ukiipokea, damu hutoka masikioni. Mke wangu Assia aliifunga simu yetu katika kitambaa, akaifukia ndani ya ndoo ya mchele. Mimi nilimwuliza kila msimuliaji jina la marehemu na mahali alipozikwa. Kila mmoja alikuwa amesikia kwa mwingine. Nikatangaza mbele ya majirani kwamba ni hadithi tupu, na kwamba nitapokea namba yoyote.

Alhamisi ikaita namba nisiyoijua. Assia akapiga kelele: "Baba Anouar, usiguse! Unatuachia nani?" Nikapokea kwa majivuno. Mtu aliyepiga akasema yuko Gatumba pamoja na Tajudini, aliyetoka Kongo, na kwamba amezuiliwa mpakani. Akalitaja jina lake la utotoni, Kidevu. Akaitaja siku tulipopotezana mwaka 1995. Akalitaja kovu la moto la mkono wa kushoto. Shemeji, nililia. Alipoomba kadi za kujaza simu ili awalainishe walinzi, nilizinunua, nikazikwangua, nikamsomea tarakimu moja moja kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wake.

Ijumaa, baada ya kukupigia, nilisimama Gatumba hadi kizuizi kilipofungwa. Namba ile haikupokelewa tena.

Nyumbani nikafungua nakala ya ombi langu kwa shirika linalotafuta waliopotea, lenye jina la Kidevu na siku ile ya kupotezana. Unajua kwamba kovu la Tajudini liko mkono wa kuume. Katika karatasi ya mkono wangu niliandika kuume. Aliyelipiga chapa ombi hilo ni Révérien, rafiki yangu wa miaka kumi, mwenye mashine ya kuandika karibu na soko. Yeye aliandika kushoto, nami, nijisifuye kwa kukagua kila nukta, sikuona.

Nikamwendea. Akacheka: "Mzee Atumani, barua yako uliisomea mutaa muzima hapa, leo unanishika mi?" Ni kweli, niliisoma kwa sauti, nilipenda watu wasikie ilivyopangwa. Lakini niliyoisoma ni ile ya mkono wangu, yenye kuume. Nikaziweka karatasi zote mbili juu ya mashine yake. Akazitazama, kisha akasema polepole: "Mi niliwapa karatasi tu, mzee. Simu si mi nilipiga."

Mtu huyu amekula Idi kwangu kila mwaka. Tajudini alipopotea, tulilia pamoja.

Uongo uliotutisha niliutambua upesi. Uongo niliotamani kuusikia uliingia bila kubisha hodi.

Nimesikia kwa wasafiri kwamba Hayat amekwisha kukata kitambaa cha kanzu ya baba yake. Mwambie asikitupe, akikunje.

Huenda watu hao wakakupigia wewe pia. Huenda vilevile, Inshallah, siku moja akapiga Tajudini mwenyewe, nami sitaki umkatie simu. Chagua jambo moja mlijualo wewe na yeye peke yenu, lisilokuwamo katika barua yoyote niliyopata kuandika. Muulize hilo. Usiliandike popote. Usiniambie hata mimi.

Assia na Anouar wanakusalimu. Nisalimie Hayat na jirani yako mwema. Mwenyezi Mungu aulinde mlango wako na akupe subira.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na kukuomba radhi,

Atumani