Nilivyopima Jua la Siku za Mvua

Lubumbashi, Annexe

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama kwa heshima. Goti lako limepata nafuu, au baridi ya ziwa bado inalisumbua? Sisi huku tu wazima, na leo nina habari itakayokufurahisha.

Unajua tunaishi na mama mkwe wangu, anayeugua kisukari. Insulini yake lazima ikae penye ubaridi, na umeme wa mtaa wetu hukatika mara kwa mara hata frigo inakuwa kabati tu. Mwaka huu dawa iliharibika, mama akalazwa. Aliporudi nyumbani, mkwe wako Kazadi akanunua paneli mbili za jua. Muuzaji alimhakikishia kwamba zitawasha nyumba nzima, pamoja na televisheni na pasi.

Nikasema tupime kwanza. Kila paneli imeandikwa wati mia tatu, lakini hizo hupatikana jua likiwa kali tu. Nilikukumbuka ukianika samaki huko Pweto: hukuhesabu mchana kutwa, ulihesabu zile saa ambazo jua linakausha kweli. Basi nikakaa uani nikitazama jinsi kivuli cha mparachichi kinavyopanda juu ya paa alasiri. Kwa siku za mawingu nikaweka saa tatu tu za jua zuri. Wati mia sita mara tatu, elfu moja na mia nane. Nikatoa robo, maana umeme mwingine hupotea kwenye nyaya na betri. Uliobaki ulitosha frigo ndogo, taa na simu. Pasi ingeumaliza upesi.

Kazadi alikasirika, akasema namfanya mjinga mbele ya mama yake. Nikamwambia, "Jua ya kipwa, wakati mvula hainyeshi, haiko sawa na ya mvula. Dawa ya mama itategemea gani?"

Kesho yake alikata matawi ya mparachichi, na kwa pasi tukarudia ile ya makaa.

Kisha mvua ikaja, Baba, siku baada ya siku, anga jeusi kama sufuria. Umeme wa mtaa ukakatika. Kila asubuhi niligusa kichupa cha insulini kwa woga, na kila asubuhi kilikuwa baridi. Jirani yetu mwenye ugonjwa huohuo akaleta na yake tumtunzie.

Jumapili, baada ya misa, nikamsikia Kazadi akinisifu kwa wanaume wenzake nje ya kanisa, "Bibi yangu njo alipima jua. Miye nilibisha, lakini yeye njo alikuwa na haki."

Nilijifanya sikusikia. Lakini mama mkwe, ambaye si mtu wa sifa, alinishika mkono mpaka nyumbani.

Nisalimie Mama, yaya Ngoie, dada yangu mkubwa, na samaki zake za sokoni, na mjomba katekista. Kesho jirani ananiita nikapime paa lake. Mimi nitapanda juu. Mkwe wako amesema atashika ngazi.

Binti yako akupendaye,
Mwewa