Sindano Nne kwa Asubuhi Moja

Arequipa, Peru
5 Februari 1983

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Na kile kikohozi cha Krismasi kimekuacha? Mimi ni mzima, ila mvua za huku zimetushika.

Nina ombi. Wanafunzi wangu wa Jumamosi ni watu wazima, na sarufi ya Kiingereza wanaijua kunishinda. Kinachowatoa jasho ni misemo yetu. Juzi nilisema mvua inanyesha paka na mbwa, yaani mvua kubwa, Don Eleuterio, mwenye duka la misumari, akainuka kwenda dirishani kuangalia. Niandikie misemo ya huko kijijini, maana yake, na mfano wa mazungumzo. Wewe hujawahi kusema jambo moja kwa moja tangu uzaliwe, kwa hiyo hazina unayo.

Najua hatujaandikiana vizuri tangu mazishi ya Mama. Uliniambia "amechoka kidogo tu", nikafika ameshazikwa. Uliahidi hutanifanyia hivyo tena. Ahadi hiyo bado ninakudai.

Binti yako,
Hilary

Grassington, Yorkshire
1 Machi 1983

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, siwezi kulalamika. Enid wa jirani anakusalimu na anauliza kama umepata mchumba. Nimemwambia aulize mwenyewe, stempu anazo.

Haya, misemo yako. "Kipande cha keki" ni jambo jepesi. Mtu akiniuliza, "Mzee Wilf, ukuta huu utauweza?" nilikuwa namjibu, "Kipande cha keki." Mawe matupu, bila saruji, na mpaka leo yamesimama.

"Kuwa chini ya hali ya hewa" ni kutojisikia vizuri. Unamwambia padri: "Sikuja Jumapili, nilikuwa chini ya hali ya hewa." Hakuulizi zaidi. Hiyo ndiyo faida ya msemo.

"Kuuma risasi" ni kuvumilia maumivu kimya. Kwa mfano: "Sindano nne kwa asubuhi moja, nikauma risasi, basi."

"Kuwa kwenye miguu ya mwisho" ni kuchakaa. Husemwa kwa gari, kwa farasi, hata kwa fundi mzee wa kuta.

Sina habari nyingine. Shambani kwa Metcalfe kuna pengo la ukuta nimeliacha wazi tangu Novemba, kondoo wanapita wanavyotaka. Litasubiri.

Baba

Arequipa
19 Machi 1983

Baba,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali kwa mazoea. Nakuuliza kweli: hali yako ikoje?

Barua yako niliisoma nikicheka. Nikaipeleka darasani, nikaiandika yote ubaoni, nao wakacheka. Kisha Yolanda akanyoosha mkono. Huyu ni muuguzi, mtu wa maneno machache.

"Mwalimu, samahani. Sindano nne amechomwa nani?"

"Hakuna mtu, Yolanda. Ni mfano tu."

"Mfano gani unajua mpaka idadi ya sindano? Na kanisani hakwenda nani? Na huyu fundi, mbona ukuta wake haujengi?"

Don Eleuterio akavua kofia. Nikasimama na chaki mkononi mbele ya maneno ya baba yangu mzazi, na waliokuwa wameyaelewa ni wageni. Wao huuliza kila neno lina maana gani. Sisi tumezaliwa nayo, tunacheka tunapita.

Acha kuzunguka mbuyu, Baba. Nina hasira, na ninaogopa. Niandikie sentensi moja tu isiyo na msemo.

Hilary

Grassington
2 Mei 1983

Hilary,

Samahani kwa kukawia. Barua hii nimeichana mara sita.

Nina saratani ya ini. Nimejua tangu Novemba. Daktari anasema nikifika Agosti nishukuru.

Kuhusu mama yako: nilijua kwamba anakufa. Nilishika simu nikuambie, maneno yakakataa kutoka, maana na mimi ningeyasikia. Kwa hiyo nikasema amechoka. Nilikukosesha kumuaga mama yako kwa woga wangu, na sitafuti kisingizio.

Safari hii nilitaka kukukinga, au ndivyo nilivyojidanganya. Mwambie yule muuguzi ahsante.

Usiku sipati usingizi na ninaogopa. Nataka uje nyumbani. Nimejenga kuta miaka arobaini na saba, na hakuna jiwe lililonilemea kama sentensi hiyo.

Mfano wa mazungumzo sina.

Baba yako

Grassington, mezani jikoni
24 Mei 1983

Baba,

Shikamoo. Ulikuwa umelala fofofo, sikutaka kukuamsha. Nimekwenda dukani kuchukua maziwa na mkate. Supu iko juu ya jiko, bado ina moto. Metcalfe amepita kukujulia hali, nimemwahidi nitaliziba lile pengo mimi, wewe ukae kwenye kiti unitukane.

Umeamkaje?

Hilary

(Chini yake, kwa penseli, mwandiko umelala upande.)

Marahaba, mwanangu. Nimeamka vibaya. Naumwa sana leo. Rudi upesi.

Baba