Nimetupa Viazi vya Mama Mkwe

Mshauri wetu mpendwa, salamu kutoka Kopenhagen, naomba unisaidie maana nimeharibu, na kila nikijaribu kurekebisha naona nazidi kuharibu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Villads, ana miaka sita, na kabla yake mimba yangu ya kwanza iliharibika, daktari akaniambia mambo haya hutokea na mara nyingi sababu haijulikani, lakini mimi nilitaka sababu, nikawa nasoma usiku na mchana habari za dawa zinazopigwa mashambani, na tangu hapo hakuna kinachoingia nyumbani kwangu bila ule muhuri mwekundu wa kilimo hai, iwe maziwa, iwe unga, iwe majani ya chai. Mume wangu Jeppe hunitania kwamba siku moja nitamgeuza na yeye nimtafute muhuri mgongoni, lakini anakula, hagombi.

Sasa mwezi wa sita mama yake, Mama Ragnhild, alikuja kutoka kisiwani Fyn akae nasi mpaka Jumapili, akaingia na kikapu cha viazi vipya alivyovichimba asubuhi ile, vidogo, vya ngozi nyembamba, vile tunavyovingoja mwaka mzima, na kabla hajavua koti nikamuuliza, "Mama, unapiga dawa bustanini?" Akacheka, "Weh, mwanangu, hata sijakaa unanipekua kama forodha! Viazi siviwekei kitu. Saladi ndiyo, konokono wakinizidi nawatilia zile punje zao za dawa, la sivyo nitakula mashina." Mimi nikasikia neno dawa tu, mengine yakapita, nikamshukuru, nikatabasamu, na alipokwenda kujilaza nikavimwaga vyote kwenye ndoo ya mabaki ya chakula.

Mshauri, aliamka akaenda kutupa machicha ya kahawa, akavikuta. Aliinama akaviokota kimoja kimoja, akavisuuza, akavirudisha kikapuni, akamwambia mume wangu, "Jeppe, nipeleke stesheni," na Jeppe aliporudi alinitazama akasema, "Viazi, Sidsel. Viazi!" basi, mpaka leo hatujalizungumza.

Jumapili iliyopita mama alipiga simu kumsalimia mjukuu wake, nikaweka sauti kubwa ili sote tusikie, akamuuliza kama atakuja kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka sabini, na mwanangu akajibu kwa sauti ya adabu kabisa, "Hapana bibi, chakula chako kina sumu, nitaumwa." Mama akasema, "Haya, mjukuu wangu, ubaki salama," akakata.

Na juu ya hayo daktari wa meno wa shule amemkuta Villads na meno mawili yametoboka, akaniuliza anakula nini, nikasema kwa kujigamba kila kitu cha kilimo hai, akauliza, "Na biskuti je?" nikasema hata biskuti, hata zabibu kavu, hata juisi ya tufaha anayoshinda nayo kutwa, vyote vina muhuri, akashusha miwani akanitazama, nikaona aibu bila kujua nimekosa nini.

Sherehe ni mwisho wa mwezi huu, Jeppe anasema yeye na mtoto wanakwenda, mimi nifanye nipendavyo. Nimefikiria niende na chakula cha Villads kwenye vikopo, nimweleze mama taratibu juu ya madhara ya dawa, aelewe kwamba sikuwa na nia mbaya. Nifanye hivyo? Naogopa kumdhuru mtoto, na naogopa uso wa yule mama.

Sidsel

*

Sidsel, pole. Naanza na pole kwa ajili ya ile mimba, kwa sababu nadhani hakuna aliyekaa nawe ukalia mpaka ukamaliza. Uliachwa bila jibu ukajitengenezea lako, na mimi pengine ningefanya vivyo hivyo. Sasa futa machozi nikugombeze.

Kuchagua vyakula vya kilimo hai si kosa. Endelea navyo, hata mimi maziwa na karoti zangu ni za muhuri. Lakini muhuri ule unakwambia shamba lilivyolimwa na ng'ombe alivyofugwa, haukwambii kwamba sukari ni kidogo. Sukari isiyopigwa dawa inatoboa jino sawasawa na ile nyingine. Wewe ulikuwa unatazama mbele ya pakiti. Nyuma, panapoandikwa sukari, hukufika.

Kuanzia kesho mtoto anywe maji na maziwa. Mpe mkate mweusi, njegere, kabichi, samaki, na tufaha zima la kutafuna badala ya juisi. Biskuti na zabibu zingoje Ijumaa pamoja na pipi, kama kwa watoto wa wenzako. Na siku usipopata mboga yenye muhuri, nunua isiyo nao, ioshe vizuri, ale. Karoti ya kawaida ni bora kuliko biskuti takatifu.

Sasa viazi. We Sidsel! Mtu mzima amebeba kikapu kutoka Fyn, umemuuliza swali lako mlangoni, amekujibu ukweli mtupu, hata la konokono hakukuficha, nawe ukamshukuru kwa meno halafu ukamwaga. Angekuwa mwongo viazi vyake vingeliwa!

Vikopo viache nyumbani. Somo la dawa pia liache, maana hiyo si radhi, ni kumshtaki mara ya pili. Nenda siku moja kabla ya sherehe, kabla ya wageni na bendera za siku ya kuzaliwa mezani, useme, "Mama, nilitupa viazi vyako, nilikosea, nisamehe." Ukifika hapo nyamaza, usitie "lakini". Atakusema, mwache akuseme. Kwenye sherehe mtoto ale kinachopakuliwa, na keki akate, ni siku moja. Habari ya saladi ngoja wiki kadhaa zipite, kisha umwombe mama amkaribishe Villads siku chache waokote konokono kwa mkono na ndoo. Watoto wa umri ule hawachoki na konokono, na punje za dawa hazitahitajika.

Ila kuna jambo haliwezi kungoja sherehe. Neno sumu mtoto wa miaka sita halitungi mwenyewe. Amelisikia jikoni kwako, na sidhani kama ni mara moja. Hivi sasa mwanao anaamini kwamba bibi yake mzaa baba anaweza kumdhuru, na bibi anajua kwamba anaaminiwa hivyo. Yule mama anakwenda kulala na hilo kila siku, Sidsel. Meno yatazibwa, hili hakuna daktari wa kuliziba.

Kwa hiyo leo, ukimaliza kusoma hapa, mwite Villads akae karibu nawe. Mwambie kwamba chakula cha bibi ni kizuri na kwamba mama ndiye aliyekosea. Kisha piga simu Fyn, mtoto akisikia, useme, "Mama, yale maneno yalikuwa yangu, hayakuwa yake." Usingoje akujibu. Mpe mtoto simu, utoke jikoni, ufunge mlango, uwaache.

Bodil, mshauri wenu