Dada Nyuma ya Mzinga

Jumanne, 10 Juni

Bila mimi ukoo huu usingekuwa na sura! Nani aliyewapiga picha wote, toka marehemu bibi mpaka vitukuu? Waziri mmoja aliwahi kusimamisha msafara, akashusha kioo: fundi, nipige mimi kwanza. Magari ishirini. Thelathini, ukitia na pikipiki.

Jumamosi mpwa wangu anaolewa. Dada, mama yake, kasema kwa kinywa chake: kaka, picha ni zako, wewe pumzika tu, usijichoshe. Usijichoshe! Chuma kinachoka?

Jumatano, 11 Juni

Kesho bustani ya kale, kule kando ya mto. Nipunge upepo, nipige picha moja mbili, nichague pa kumsimamisha bibi harusi. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ilianza tamu. Mto umetulia kama chai iliyosahaulika mezani. Nikapiga ngazi za mawe, zimelika katikati kwa nyayo za watu waliokwisha kufa. Nikapiga daraja la chuma. Nikapiga bata. Mtunza bustani ananijua, maana hapo ngazini ndipo nilipomfunga mamba mdomo kwa mkanda wa kamera. Eti leo ananikumbusha kwamba mwaka jana nilipomsimulia, yule mamba alikuwa kenge. Wivu!

Nikazunguka banda la bendi — Mungu wangu. Mpwa wangu! Harusi Jumamosi, picha wanapigwa leo! Shela, maua, bwana harusi kabanwa shingo na tai. Na binti mmoja mwenye kamera kubwa kama kinu, anamwambia: shemeji, cheka basi, hujaletwa mahakamani!

Nikaangalia mzinga wa vita vya zamani, ule wa kijani. Nyuma yake kilemba cha dada yangu. Kachuchumaa! Kilo tisini, tumbo moja na mimi, ananikwepa nyuma ya mzinga! Nikamwambia nakuona. Akajibu anatafuta hereni. Hereni zote mbili zi masikioni.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Changu kilikuwa kimevaa kilemba.

Mpwa akanishika mkono. Mjomba, usinune, tuliogopa yaleyale ya mahafali yangu. (Picha za mahafali hazikutoka. Niliwaambia studio iliungua.) Hapo dada akapata sauti: iliungua lini? Si yule mzee wa studio alipokufa watoto wake wakaigeuza duka, na sukari nanunua mlemle!

Binti wa kamera akajifanya anafuta lenzi.

Mpwa akasema: basi nawe tupige moja, Mjomba, sisi na mama hapohapo mzingani. Wakajipanga. Dada kacheka mpaka machozi. Nikapiga! Akaniambia hiyo ndiyo anayoitaka, ataiweka mezani karibu na keki.

Ijumaa, 13 Juni

Dada kapiga simu mara mbili. Sipokei. Mimi ndiye niliyesalitiwa, tena mchana kweupe!

Mpwa kaandika: Mjomba, picha imetoka?

Nimeandika: imetoka vizuri mno! Sijaituma.

Mzee wa studio, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akiniwekea filamu. Miaka yote. Mimi nasimama mlangoni nawapigia watu hadithi, nikigeuka kamera iko tayari. Mwaka wa tatu huu hayupo. Ngazi, daraja, bata, dada anacheka — kamera ilikuwa tupu.

Kuifungua najua. Kuweka filamu sijui. Na niliona haya kuuliza.