Droo ya Juu

Dada yangu,

Salamu zako zimefika, na picha za watoto tumeziona. Mkubwa kachukua pua ya mama, pole yake.

Uliyoyasikia ni kweli: nimefanywa msimamizi wa karakana, na picha yangu imebandikwa mlangoni. Watu wananipongeza mpaka naona haya. Lakini ninachotaka kukusimulia ni kingine.

Unaikumbuka droo ya juu ya kabati la mama, niliyoitengeneza nilipokuwa najifunza useremala kwa baba? Ilipokwama niliipiga teke, nikaondoka nyumbani kwa hasira. Miaka kumi na moja baba hakuigusa. Alama ya kiatu bado ipo.

Jumapili nilienda nyumbani, nikaichomoa. Nikapiga randa kidogo, nikairudisha, ikakwama. Mara nne, dada, na mguu wangu ukatulia mahali pake. Ya tano ikateleza.

Baba, ambaye tangu augue mkono mmoja hauinuki, aliivuta kwa kidole cha ule mzima. Akaifunga, akaivuta tena. Ile picha ya mlangoni hajawahi kuiulizia.

Kisha akasema, "Ya chini nayo inakwama."

Jumapili ijayo narudi na randa.

Mdogo wako,
yule wa mateke